Tangi la matumbawe nyumbani hapa Mtwara na Lindi: skima ya protini ni lazima au tunaweza kwenda bila?

Kusi la Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu ndani.

Nafungua huu uzi kwa sababu swali hili linarudi kila leo kwenye grupu letu la watu wa samaki, na kila anayeuliza anajibiwa tofauti kutegemea aliyemjibu anauza nini. Mtu ana tangi la maji ya chumvi nyumbani, lita mia na kitu mpaka mia mbili na kitu, ana matumbawe yake na samaki wawili watatu, je anunue skima ya protini au hela aifanyie jambo lingine?

Jibu langu naliweka hapa juu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kwa tangi la ukubwa huo lenye samaki wachache na matumbawe laini, na wewe unakaa jirani na bahari safi, skima sio lazima. Ukitaka kufuga matumbawe magumu au samaki wengi, nunua. Ila kwa joto letu hili la kusini kuna sababu nyingine ya kuitaka skima ambayo haihusiani sana na uchafu, ni hewa, na hiyo hewa kuna njia ya bei rahisi ya kuipata ambayo nyumba yenye tangi inatakiwa iwe nayo kabla hata hujafikiria skima. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane skima inafanyaje kazi. Ni bomba limesimama, ndani yake maji ya tangi yanachanganywa na viputo vidogo mno vya hewa mpaka maji yote yanaonekana meupe. Kinyesi cha samaki, ute wa matumbawe, mabaki ya chakula, vikishaanza kuyeyuka vinatoa vitu kama protini na mafuta, na chembe zake zina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaoyakimbia. Ule unaoyakimbia unakimbilia kwenye hewa, unashika kwenye ngozi ya kiputo na hauachii. Viputo vinapanda, vinabanana, vinakuwa povu, povu linapanda shingo ya bomba linamwagikia kwenye kikombe, na humo ndo unakuta lile limaji la kahawia linalonuka balaa ukichelewa kulimwaga. Aliyewahi kutembea ufukweni Msanga Mkuu au Msimbati bahari ikiwa imechafuka kipindi cha kusi ameshaliona povu hilo limelala mchangani, mawimbi yanapiga hewa kwenye maji yenye ute wa viumbe, ni kazi ile ile. Na inawezekana kwenye maji ya chumvi kwa sababu chumvi inazuia viputo visiungane haraka kuwa vikubwa, skima hiyo hiyo ukiipeleka kwenye tangi la sato la maji baridi hupati kitu cha maana.

Sasa hapa ndo watu wanauziwa maneno. Skima HAITOI naitreti, ile taka ya naitrojeni ambayo uchafu unaishia kuwa baada ya bakteria kuuvunja. Naitreti imeshayeyuka kabisa, haina upande wa kukimbilia hewa, inaingia kwenye skima na kutoka kama ilivyoingia. Fosfeti iliyoyeyuka nayo vivyo hivyo. Kazi ya skima ni kuuwahi uchafu kabla bakteria hawajauvunja kuwa amonia, halafu naitraiti, halafu naitreti. Na hata huo uchafu haubebi wote, mwaka 2009 mkemia wa Chuo Kikuu cha Penn State kule Marekani, Ken Feldman, alianza kuchapisha vipimo vyake vya skima na alichokuta ni kwamba zinaondoa kama asilimia 20 mpaka 35 ya kaboni ya kiogani, yaani mabaki ya viumbe, iliyomo kwenye maji. Iliyobaki inabaki humo, inaliwa na bakteria, sponji na matumbawe yenyewe. Kwahiyo ukiambiwa skima inasafisha maji yote ujue unaambiwa na muuzaji.

Halafu kuna historia ambayo naipenda sana na inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1961 jamaa mmoja wa Jakarta, Indonesia, anaitwa Lee Chin Eng, aliandika jinsi anavyofuga viumbe wa matumbawe kwa mawe hai kutoka baharini, yaani mawe yenye bakteria na viumbe vidogo ndani yake, maji ya bahari, mwanga wa jua na viputo vya kawaida vya pampu ya hewa, basi. Jakarta ni pwani ya joto, bahari iko mlangoni. Mfumo wa mawe hai pamoja na skima yenye nguvu ulikuja baadaye kwa wafugaji wa Berlin, Ujerumani, ndo maana mpaka leo unaitwa mfumo wa Berlin. Sasa angalia ramani, Berlin haina bahari. Kila lita ya maji ya chumvi wanaitengeneza kwa chumvi ya kununua, lazima wayatunze maji yao mpaka tone la mwisho, na kwa hali hiyo skima inalipa. Ushauri mwingi tunaousoma mtandaoni umeandikwa na watu wa namna hiyo, walio mbali na bahari. Mtu wa Shangani hapa Mtwara ambaye dumu la maji ya chumvi kwake ni nauli ya bajaji, anatakiwa apige hesabu yake mwenyewe.

Tuipige sasa. Chakula kikavu cha samaki chenye protini nusu kwa nusu, gramu 1 ina naitrojeni kama gramu 0.08. Ikigeuka yote kuwa naitreti unapata kama gramu 0.35, na kwenye tangi la lita 200 hiyo ni kama miligramu 1.8 kwa lita. Tuseme unalisha gramu 2 kwa wiki, mpe sonara akupimie uone gramu 2 ni kiasi gani, ni chakula cha kutosha samaki wachache wadogo. Kila wiki unaongeza 3.6. Ukibadilisha dumu moja la lita 20 kila wiki unatoa asilimia 10, na namba itapanda mpaka isimame karibu na 36. Ukibadilisha madumu mawili inasimama 18. Sasa weka skima, tuikubalie inawahi robo ya uchafu wote, kinachoingia kinakuwa 2.7 kwa wiki. Kwa dumu moja inasimama 27, kwa madumu mawili 13.5.

Umeona? Madumu mawili bila skima yanaishinda skima yenye dumu moja. Kiuhalisia namba zote zitakuwa chini ya hapo maana mwani unakula na ndani ya mawe kuna bakteria wanaoigeuza naitreti kuwa gesi, lakini mpangilio haubadiliki. Matumbawe laini na yale yenye umbo la uyoga hayana shida na naitreti ya 10 mpaka 20. Magumu ya matawi, akropora na ndugu zake, watu wengi wanayaweka kati ya 2 na 10, hapo ndo skima inaanza kuwa na hoja.

Nakaribisha mawazo, hasa wanaopinga.

Fundi Tangi Dar

Mkuu umeandika vizuri ila mi napingana na wewe. Matangi yote makubwa mazuri unayoyaona yana skima, we mwenyewe unajua. Skima inafanya kazi masaa 24, madumu yanategemea mtu. Mtu akisafiri je, akiumwa je, mvua ikipiga wiki nzima je? Hujaongelea binadamu hapo, umeongelea hesabu.

Kusi la Shangani

Fundi hoja yako ni ya kweli na siipuuzi. Anayejijua kwamba wiki tatu zinaweza kupita hajagusa dumu, huyo skima inamfaa kuliko mimi, na anunue. Pia mwenye samaki wengi, kwa mfano kangaja wakubwa wanaolishwa kila siku mara mbili, madumu hayatamtosha hata akiyabeba kwa kirikuu. Na mwenye kuweka siki au pombe kali kwenye maji ili bakteria waongezeke wale naitreti, huyo skima ni lazima kabisa, maana wale bakteria inabidi watolewe na wanavuta oksijeni kwa kasi, bila skima anaweza kuua tangi zima usiku mmoja. Ninachokataa ni kumwambia mwenye lita 150, samaki wawili na matumbawe mawili ya uyoga kwamba bila skima matumbawe yatakufa. Sio kweli.

Binti Mchinga

Asalaam aleykum wakuu. Mimi niko Lindi mjini, nimefuata huu uzi toka asubuhi maana nilikuwa nishatuma oda ya skima kwa mtu Dar nikaisimamisha kwanza niusome.

Tangi langu lita kama 200, nina samaki wa anemone wawili, kifuu wawili, na matumbawe laini nilopewa na mwenzangu alipopunguza ya kwake. Maji nabadilisha kila wiki dumu moja. Shida yangu samaki alfajiri nawakuta wote juu kabisa wanahema midomo iko usawa wa maji, jua likishatoka na taa zikiwaka baada ya muda wanashuka chini wanakuwa kawaida. Naitreti nilipima iko kati ya 10 na 20. Niliambiwa huo ni uchafu umezidi ninunue skima. Na umeme ukikatika usiku ndo nakosa usingizi kabisa kwa ajili yao. Naomba mnishauri kaka zangu.

Kusi la Shangani

Waaleykum salaam dada. Ahsante kwa kueleza vizuri, na umefanya jambo jema kusimamisha oda.

Dada huo sio uchafu, hao wanakosa hewa. Mchana matumbawe na mwani vinatengeneza oksijeni kwa mwanga, usiku taa zikizimwa kila kilichomo humo kinavuta oksijeni na hakuna anayeirudisha, kwahiyo saa mbaya kabisa ni kabla ya jua kuchomoza. Ndo saa hiyo unayowakuta juu. Na maji ya moto yanabeba hewa kidogo, maji ya bahari ya nyuzi 25 yakishiba yana oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama 6.2, wakati huo huo samaki kwenye joto anahitaji hewa zaidi. Anakatwa huku na huku.

Naomba unijibu mambo matatu. Tangi umelifunika na nini? Maji yanatembea juu au pampu iko chini tu? Na joto la maji usiku ni ngapi?

Binti Mchinga

Nimefunika na kioo kimeziba chote kwa sababu ya mijusi na paka. Pampu iko moja chini nyuma ya mawe. Joto nimepima sasa hivi 30 na nusu.

Kusi la Shangani

Basi tumeshalipata tatizo. Fanya hivi kwa mpangilio huu, usiruke.

Kesho toa kioo, weka wavu. Wavu wa plastiki wa madirishani unatosha, ubane kwenye fremu nyepesi ya mbao, paka hapiti na samaki haruki nje. Kioo kinazuia hewa kubadilishana na kinafungia joto.

Ukishatoa kioo geuza mdomo wa pampu uangalie juu kidogo mpaka uso wa maji utikisike wote, usiishie kona moja. Ukiangalia kwa ubavu asubuhi utaona kama kuna utando wa mafuta umelala juu ya maji, huo utando ni mfuniko mwingine, ukishatikisika unavunjika.

Halafu nunua pampu ya hewa inayotumia betri au inayokubali volti 12. Hii ndo ile niliyosema kila nyumba iwe nayo kabla ya skima. Betri ndogo ya volti 12 ampia 7, kama zile za king'ora, kwa pampu ya hewa ya wati 3 inakuvusha usiku mzima. Skima ya wati 15 inakula kama uniti 11 kwa mwezi, sio nyingi, lakini umeme ukikatika inasimama hapo hapo, tena saa ile ile unapoihitaji. Jiwe la hewa, lile linalofungwa mwisho wa mrija wa pampu ya hewa kutoa viputo, pamoja na betri ndo kinga yako.

Mwisho feni. Feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha nyuzi moja mbili hivi. Kwetu kipindi cha Januari mpaka Machi hewa imeshiba unyevu kwahiyo usitegemee makubwa, ila hata nyuzi 2 ni msaada. Maji yatapungua haraka, ongeza maji safi YASIYO na chumvi, usiongeze ya bahari, maana kinachopaa ni maji tu chumvi inabaki.

Fanya hayo halafu alfajiri uwaangalie.

Fundi Tangi Dar

Hapo nakuunga mkono asilimia mia, ila malizia na upande wa skima uwe mkweli. Skima inaingiza hewa kuliko jiwe lolote la hewa. Kwenye joto la nyuzi 30 hiyo peke yake ni sababu ya kuwa nayo.

Kusi la Shangani

Kweli kabisa Fundi na ndo maana nilisema pale juu kwamba kwetu naiheshimu skima kwa hewa kuliko kwa uchafu. Viputo vile vidogo vina eneo kubwa sana la kugusana na maji. Na kuna jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui, kama nyumba inafungwa madirisha usiku na watu wengi wamelala ndani, kabonidayoksaidi inajaa chumbani na pH ya tangi, kile kipimo cha uasidi wa maji, inashuka, ukichukua ule mrija wa hewa wa skima ukautoa nje dirishani ivute hewa ya nje, pH inapanda bila kuweka dawa yoyote. Mwenye skima tayari ajaribu hilo wiki hii.

Mwalimu wa Mikindani

Wakuu hoja yote ya Kusi inasimama kwenye maji ya bahari kuwa safi. Mimi niko Mikindani, ghuba iko hapa chini, lakini mvua zikianza maji yanageuka rangi ya udongo. Je nichote hapa hapa?

Kusi la Shangani

Mwalimu umegusa penyewe. Hesabu ya madumu inakufa kabisa kama dumu lenyewe ni chafu.

Ghuba ya Mikindani imejifunga, ina mikoko na ina watu, mimi singechota ndani kule. Chota upande wa bahari wazi. Na usichote karibu na bandari, wala mbele ya mtaro wa mji, wala karibu na mdomo wa mto. Huko Msimbati kwenda kusini unakutana na maji ya Ruvuma, mvua za Desemba mpaka Aprili mto unashusha udongo na maji baridi mengi.

Muda wa kuchota ni maji yakiwa yamejaa, bora zaidi bamvua, maana hapo maji ya bahari kuu ndo yamesukumwa mpaka ufukweni. Yakipwa yanarudi na uchafu wa mchangani na wa mikokoni. Ingia mpaka kiunoni, dumu lizamishe mdomo chini ya uso wa maji, ule utando wa juu usiingie. Mvua kubwa ikinyesha subiri siku kadhaa. Ukifika nyumbani pitisha kwenye kitambaa safi kizito, pima chumvi kwa rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, bahari yetu ya wazi inatakiwa isome karibu na gramu 35 kwa kilo ya maji, ukikuta 30 ujue umechota mvua.

Kipindi cha mvua uwe na akiba. Maji yanakaa vizuri kwenye pipa la plastiki lililofunikwa gizani na jiwe la hewa ndani.

Na Mwalimu, kwa mtu ambaye miezi ya mvua hana kabisa pa kuchota maji safi, hapo hesabu inageuka na skima inaanza kustahili hela yake. Sina ubishi na hilo.

Jahazi Bovu

Mi nina skima tayari, nilinunua kwa mtu. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, juzi nimebadilisha maji povu likakata kabisa, kikombe kikavu. Imeungua?

Kusi la Shangani

Mjomba dumu lako lilikuwa la nini kabla?

Jahazi Bovu

La mafuta ya kula ila nililiosha vizuri na sabuni.

Kusi la Shangani

Ndo hilo. Skima haijaungua. Mafuta yanavunja povu, tone dogo tu lililobaki kwenye kona ya dumu linatosha povu kulala. Na sabuni ikibaki inafanya kinyume, povu linafumuka mpaka linamwaga tangi sebuleni. Dumu la maji ya bahari liwe jipya au lililokuwa la maji ya kunywa, na lisitumike kwa kazi nyingine tena, liandike kwa maka peni kubwa watoto waone. Skima yako itarudi yenyewe baada ya siku moja mbili, mafuta yakiisha. Hata mikono yenye mafuta ya kupaka ukiizamisha kwenye tangi inalaza povu kwa masaa.

Na kwa anayenunua mpya, asishangae siku za mwanzo ikikaa bila povu la maana au ikimwaga maji tu, plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani, inachukua wiki moja mpaka mbili kutulia. Kina cha maji inaposimama kiwe kile kile kila siku, kikipanda sentimita mbili tu kikombe kinajaa maji ya bure. Kila baada ya miezi michache pampu yake iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, chokaa inaziba tundu la hewa.

Sauti ya Feri

Bosi mi nataka kutengeneza yangu kwa bomba la PVC nimeona video, inawezekana?

Fundi Tangi Dar

Nimjibu mimi hili. Inawezekana, ile ya jiwe la hewa la mbao. Bomba refu linasimama, maji yanaingia juu yanatoka chini, hewa inatoka chini inapanda juu, vinapishana njiani. Siri iko kwenye mbao, lazima iwe na vinyweleo vidogo sana ndo viputo viwe vidogo, jiwe la kawaida la duka la samaki linatoa viputo vikubwa havikamati kitu. Mbao yenyewe inachoka, baada ya wiki kadhaa inabidi ubadilishe. Fanya shingo iwe ya bomba la kuonekana ndani ili uone povu limefika wapi. Bomba refu zaidi ni bora zaidi maana kiputo kinakaa na maji muda mrefu.

Sauti ya Feri

Nashukuru mkuu. Na badala ya skima nikiweka mkaa kwenye soksi? Nimesikia mkaa unavuta uchafu.

Kusi la Shangani

Mkaa unaosemwa ni ule uliopikwa kiwandani kwa mvuke na moto mkali mpaka ukajaa vinyweleo, mwingi unatengenezwa kwa vifuu vya nazi, na kweli unatoa ile rangi ya njano kwenye maji na vitu vingine ambavyo skima haivikamati. Mkaa wa jikoni hapana. Hauna vinyweleo vingi kama hivyo, umejaa majivu na hujui mti gani umechomwa. Kama maji yako yana unjano, weka sahani nyeupe upande mmoja wa tangi uitazame kupitia upande wa pili kwa urefu, utaona kama imebadilika rangi. Huo unjano unatibika kwa mkaa wa dukani kidogo na dumu la ziada.

Njia nyingine kwa sisi wa huku ni mwani. Pembeni ya tangi weka chombo chenye mwani unaokua chini ya taa, maji yapite humo, kila wiki unavuna unatupa, unachotupa ni naitreti na fosfeti kwelikweli vimeshakuwa jani. Skima haiwezi hiyo kazi.

Mwalimu wa Mikindani

Swali la mwisho kwangu, mawe hai na matumbawe watu mnatoa wapi? Nisije nikamshauri kijana vibaya.

Kusi la Shangani

Mwalimu nafurahi umeuliza maana hili linaniuma.

Msimbati na eneo lake liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilianzishwa mwaka 2000. Humo hung'oi tumbawe, hubebi jiwe. Na hata nje ya hifadhi, matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake ya kimataifa ina vibali. Lakini mi siongelei sheria tu. Miamba ya kusini imepigwa baruti miaka na miaka, imevunjwa kuchomwa chokaa, halafu joto la bahari la mwaka 1998 likayapausha na kuua mengi pwani yote hii. Yaliyosimama leo ndo mbegu. Mtu akienda na nyundo kung'oa kichwa cha tumbawe ili aweke sebuleni, hicho kichwa kinaweza kuwa na umri kuliko baba yake.

Mawe tumia yale ya nchi kavu, mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa kwa kujengea, yana matundu mazuri. Yasugue, yaloweke, badilisha maji mara kadhaa, halafu yaweke kwenye tangi bila samaki wiki nne mpaka sita, bakteria watajaa wenyewe, pima mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Matumbawe chukua vipande kwa wenzako wanaopunguza kama alivyofanya dada wa Lindi. Laini yanakatika na kushika jiwe upya bila shida. Kabla ya kutoa kiumbe chochote baharini onana na afisa uvuvi wa eneo lako kwanza.

Mwalimu wa Mikindani

Nimekuelewa, nitalifikisha.

Binti Mchinga

Wakuu nimerudi na mrejesho kama mlivyoniagiza.

Nimetoa kioo nimeweka wavu, pampu nimeigeuza juu, feni ipo inapuliza toka magharibi mpaka asubuhi. Joto linacheza 28 na nusu. Pampu ya hewa ya betri nimeipata hapa hapa kwenye duka la vifaa vya umeme, fundi amenifungia iwe inawaka yenyewe umeme ukikatika. Alfajiri ya leo nimeamka kwa ajili ya sala nikawapitia, wako chini kwenye mawe wametulia, hakuna aliye juu. Utando juu ya maji nao haupo. Nimefurahi jamani nashindwa hata kueleza.

Swali langu, ile oda ya skima niifute au niiache?

Kusi la Shangani

Alhamdulillah dada, umetupa raha wote humu.

Ifute kwa sasa. Ongeza dumu moja ziwe mbili kwa wiki kipindi hiki bahari iko safi, endelea kupima naitreti na fosfeti, ziandike kwenye daftari na tarehe. Ikishuka ikatulia chini ya 15 na matumbawe yanafunguka vizuri huna unachokosa. Ila usiitafute sifuri, naitreti na fosfeti zikiisha kabisa matumbawe yanapauka kwa njaa na unaweza kuvamiwa na ule uchafu wa kahawia wenye viputo unaolala juu ya mchanga na mawe.

Kitakachonifanya nikwambie nunua ni moja ya haya: umeongeza samaki, umeanza kutaka matumbawe magumu ya matawi, naitreti inapanda mwezi hadi mwezi wakati madumu hujaacha, au mvua zimekufungia bahari. Ikifika hapo chukua iliyo saizi ya uzito wa samaki wako, usichukue kubwa kupita kiasi, skima kubwa kwenye tangi lenye uchafu kidogo haipati cha kutengenezea povu, inabaki inapandisha na kushusha tu.

Fundi Tangi Dar

Na ukifika huko dada niandikie hapa hapa vipimo vya nafasi uliyonayo chini ya tangi, urefu upana na kimo. Wengi wananunua halafu kikombe hakitoki kwa sababu kabati ni fupi. Acha angalau sentimita 15 juu ya skima za kuchomolea kikombe.

Binti Mchinga

Sawa kaka, jioni nikitoka kazini napima naviweka hapa viwepo kabisa.